Breki Inayoshika Asubuhi

"Mama Hilary, hivi pikipiki nayo huwa inafiwa?"

Jirani yangu Agatha aliniuliza hivyo tukiwa tunapembua maharage uani kwake, na hakuuliza kwa mzaha. Mikono yake ilikuwa kwenye ungo lakini macho yalikuwa yanatazama njia ya kwangu, ambako mwanangu Hilary alikuwa anapandisha kwa miguu, anaisukuma pikipiki ya marehemu baba yake. Goti moja la suruali lilikuwa limechanika na tope lilimfika mpaka sikioni. Ilikuwa imemwangusha tena.

Nikamjibu Agatha kwamba pikipiki ni chuma, na chuma hakifiwi. Akasema sawa, yeye anauliza tu, maana watu wanasema. Nikamwambia watu walianza kusema kabla sisi hatujazaliwa. Lakini nilipoinuka kwenda kumpokea mwanangu niliutazama ungo wangu, nikaona nimechanganya maharage mabovu na mazima, kazi yote ya kurudia.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani. Mume wangu Nikolausi alikuwa mtunza stoo kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na yalipofungwa na vitu vyake vikauzwa, matrekta, matairi, mpaka vitanda, yeye alirudi nyumbani Endasak na pikipiki nyekundu yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Padri aliinyunyizia maji ya baraka siku aliyoifikisha. Nikolausi hakufa barabarani. Alikufa kitandani kwa kifua, ameshapakwa mafuta matakatifu, mimi nimeshika rozari na Hilary amemshika mguu. Kwa hiyo mtu asiseme pikipiki ilikuwa na kisirani.

Tangu baba yake alipougua, Hilary aliishika akaipatia kazi. Manyara ilikuwa imeshakuwa mkoa, na ofisi zote kubwa ziko Babati. Mwenye shida ya mirathi, mwenye mtoto anahamishwa shule, mwenye kesi ya shamba, wote walipaswa kuwahi basi la asubuhi kule barabara kuu. Sisi tunakaa juu, mlimani. Kutoka kwetu mpaka barabarani ni mteremko wa mawe na tope, na kwa miguu ni lazima utoke gizani. Hilary akawa anawateremsha watu hao alfajiri, na jioni anawapandisha na mizigo yao. Wakamzoea.

Vijana aliosoma nao walikuwa wameshakwenda Mererani kuchimba tanzanite. Wapo waliorudi na redio kubwa. Yupo wa kwa akina Akonaay aliyerudi kwenye sanduku, na wa kwa mzee Hhando mpaka leo yuko chini ya ile ardhi, hakuna aliyemtoa. Mimi nina mtoto mmoja. Hilary alikuwa ameniambia jikoni, bila hasira, "Mama, pikipiki ikitembea nabaki. Ikiuzwa, naenda na mimi." Nikajua hana maneno mawili, kwa sababu baba yake naye hakuwa nayo.

Ndiyo maana breki ya mbele ilininyima usingizi.

Ilianza asubuhi ya pili baada ya kumaliza kilio cha baba yake. Hilary alimpakia mwalimu wa kike anayewahi Babati. Kwenye kona ya juu akaminya breki kidogo ili apunguze mwendo. Breki ikashika. Akaachia mkono wake, lakini ule mkono wa breki haukurudi, ukabaki umelala kwenye usukani kama mtu aliyekaza ngumi. Gurudumu la mbele likakataa kuzunguka, na wote wawili wakaenda kwenye tope. Mwalimu aliumia kiwiko na basi likamwacha.

Sasa, hicho kilio tulichomaliza kilikuwa na mgogoro wake. Katika ukoo wa mume wangu, mtu akifa vyombo vyake vya kazi havishikwi mpaka siku hiyo ya kumaliza. Ikifika, kaka mkubwa anavikusanya, jembe, shoka, mkuki, mikanda ya ngozi ya kufungia ng'ombe wa kulimia, anavipaka mafuta na kuvisemesha, anaviambia mwenye navyo sasa ni nani. Kaka mkubwa ni shemeji yangu Tluway, mtu mzima, hasemi uongo, lakini akishaweka neno halitoi. Nilimwambia vyombo achukue akavifanyie kwake. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeomba misa ya marehemu parokiani, nami na Hilary tungekuwa kanisani. Kuhusu pikipiki nikamwambia, "Hiyo ilishabarikiwa, shemeji. Isiguswe." Akavibeba vile vyombo akaenda zake. Tuliporudi kutoka misani tuliikuta pikipiki chini ya kibanda chake nyumbani kwetu, pale pale. Mkono wa breki ulikuwa unang'aa, nikadhani Hilary ameusugua.

Baada ya mwalimu kuanguka, Tluway alikuja akakaa kwenye kigoda mlangoni, fimbo katikati ya magoti.

"Mama Hilary, umeona," akasema.

"Nimeona nini, shemeji?"

"Ndugu yangu anaikataza. Mke hakuwepo siku ya kumaliza. Ungekuwa wewe ungefurahi?"

"Mimi nilikuwa namwombea."

"Ulimwombea kule. Yeye alikuwa huku."

Nikainuka kuipua chai, kwa sababu jibu nililokuwa nalo halikuwa la kumpa mtu mkubwa.

Tukaanza safari za kwa fundi. Fundi wetu alikuwa Onesphory wa Katesh, kijana mnene mwenye maneno mengi, karakana yake iko chini ya bati mbili nyuma ya soko. Hilary aliipeleka taratibu kwa breki ya nyuma tu, akafika jua likiwa utosini. Onesphory akaminya mkono wa breki. Ukarudi. Akaminya tena, ukarudi. Akaizungusha pikipiki mara mbili uwanjani, akarudi anacheka.

"Dogo, hii pikipiki ni nzima kuliko mimi."

Hata hivyo akafungua ile nati ya mkono, akasema labda imekazwa mno, akailegeza na kutia tone la oili. Hilary akarudi amefurahi. Kesho yake alfajiri mkono ukalala tena kwenye usukani.

Akarudi Katesh. Safari hiyo Onesphory alisema tatizo ni springi ya kule chini kwenye gurudumu, imechoka, haina nguvu ya kuvuta. Akaweka ngumu zaidi. Ikafanya kazi vizuri mchana kutwa, na jioni Hilary akampandisha Agatha na debe lake la mafuta ya taa, Agatha akaja kunisifia mwenyewe. Alfajiri, mkono ukalala. Sasa hata kuuminya ilikuwa kazi, na ukishauminya unauchomoa kwa vidole viwili kama unatoa mwiba.

Nilianza kuamka na Hilary. Nikishasali naenda kibandani na taa ya chemli, nasimama namtazama. Mwanangu alikuwa na mikono mizuri, anajua kazi, lakini kila asubuhi nilimwona anapungua. Anaminya, anachomoa. Anaminya, anachomoa. Abiria anasubiri amejifunika blanketi. Mwishowe abiria anasema, "Hilary, acha tu, nitatembea." Na anatembea. Hilary anabaki ameshika usukani, hatukani, hapigi teke. Ningependa apige teke.

Kitu kingine nilichokiona, lakini sikukipa uzito, ni mbwa wa Agatha. Alikuwa anakuja kibandani, anasimama kwa miguu ya nyuma, anaramba mkono wa breki. Nilimfukuza kwa ufagio. Nikafikiri anafuata chumvi ya kiganja cha mwanangu.

Safari ya tatu nilipanda mwenyewe nyuma. Nilitaka kuona. Tulitoka mkono wa breki umekaza, Hilary ameuchomoa na kuufunga kwa kipande cha mpira ili asiuguse. Tukateremka kwenye ukungu, tukatoka kwenye ukungu, tukafika barabara kuu kwenye jua. Karibu na Katesh nikamwambia asimame, afungue ule mpira, aminye. Ukarudi wenyewe, laini kabisa.

Onesphory alipotuona aliweka spana chini.

"Shikamoo mama. Ile ile?"

"Marahaba. Ile ile. Sasa nisikilize, mwanangu. Asubuhi inashika. Mchana inaachia."

"Mama, chuma hakina saa."

"Mimi sijui chuma kina nini. Nakwambia nilichokiona."

Akafungua gurudumu lote la mbele. Akatoa vumbi la breki, akapiga msasa, akapaka grisi kile kichuma kinachofungua breki. Akaukunja usukani kushoto na kulia kuona kama waya wa breki, ule unaotoka kwenye mkono kwenda gurudumuni, unabanwa. Haubanwi. Akautazama waya juu na chini, haujakatika hata uzi mmoja. Jasho likamtoka. Nikaona sasa na yeye amekasirika, na ikanifariji kidogo kuona si sisi peke yetu.

"Mama, hapa sina cha kugusa kingine," akasema. "Ikishika tena, huko kwenu kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi ni fundi, mama. Sijui mambo ya huko mlimani."

Nilitamani kumpiga kwa mkoba. Hata huyu.

Ikashika tena.

Jumapili ile baada ya misa Tluway alinisubiri getini pa kanisa, yeye ambaye huingia siku za ubatizo tu. Akasema amempata mtu wa Gendabi, mfugaji, anaitwa Margwe. Hatoi fedha wala hana maneno mengi, atatoa mitamba. Mitamba itaingia zizini kwangu, itazaa, Hilary atakuwa na mali. Kadi ya pikipiki ilikuwa kwake Tluway, kwa kuwa ndiye msimamizi wa mirathi, na hakuna mtu angeweza kuuza wala kuzuia bila yeye.

"Shemeji, mtoto ataondoka," nikamwambia.

"Ataondoka aende wapi, ana ng'ombe?"

"Mererani."

Akaegemea fimbo yake. "Ni heri aende akiwa hai kuliko hiki chombo kimuue mlangoni kwako. Ndugu yangu hatanyamaza mpaka kitoke."

Alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoamini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mwenye tamaa ningejua pa kumshika.

Nikamwomba jambo moja tu. Nikamwambia huyo Margwe asije mchana. Aje alfajiri, aione ikishika kwa macho yake. "Mimi simwuzii mtu wa watu kitu kinachoangusha, kikiwa kimejificha." Tluway akafikiri, akakubali, kwa sababu ni mtu wa haki. Nikatuma salamu na kwa Onesphory. Sikumbembeleza. Nilimwambia Hilary amwambie kwamba watu wa Endasak wanasema ni yeye aliyeharibu breki, na kama anataka kujisafisha aje alale kwa shangazi yake huku juu, aione asubuhi. Haikuwa uongo. Agatha alishalisema hilo pia.

Siku hiyo baridi ilikuwa ile ya kuuma meno. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mahindi, huwezi kuona zizi ukiwa mlangoni. Begi la Hilary lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa chumba chake, limefungwa zipu. Nililipita nikienda kuwasha moto, nikalipita tena nikirudi. Nilisali makumi yote ya rozari, na sikumbuki nilikuwa naomba nini, nadhani nilikuwa nalitazama begi tu.

Margwe alifika akiwa na Tluway. Mtu mrefu, shuka mbili, ndara za tairi, meno meupe. Akapiga kelele za kutetemeka kwa baridi akiingia.

"Nyie watu mnaishije humu? Hapa hata ng'ombe atakamuliwa barafu."

"Karibu chai," nikamwambia.

"Chai kwanza, pikipiki baadaye. Mkono wangu hauwezi kushika hata fimbo."

Onesphory akaja na kifurushi chake cha spana amejifunga kitenge cha shangazi yake shingoni. Hilary aliwaamkia wote, shikamoo baba mkubwa, shikamoo mzee, sauti yake haina kitu ndani. Tukaenda kibandani.

Onesphory akaminya mkono wa breki. Ukaenda kwa shida, ukalala kwenye usukani. Akaachia. Haukurudi.

Akausubiri. Margwe akainama akautazama kama anatazama mguu wa ndama.

"Hii imekufa," akasema.

"Haijafa, imeganda," akasema Hilary.

"Nilikwambia," akasema Tluway, si kwa kunisuta, kwa huzuni.

Onesphory hakuwa anacheka tena. Alichuchumaa. "Mama alisema asubuhi," akajisemea. "Haya, tuiulize kipande kwa kipande." Akaanzia chini. Akautoa ule waya mahali unaposhika kichuma cha gurudumu, kisha akakisukuma kile kichuma kwa mkono. Kikaenda na kurudi chenyewe, ta, ta. "Gurudumu ni zima." Akapanda juu, akauchomoa waya kwenye mkono wa breki. Mkono ukawa unaning'inia unacheza kama mlango usio na komeo. "Mkono ni mzima." Akabaki na waya peke yake, uko ndani ya ganda lake jeusi, kama nyoka. Akaushika ncha akauvuta. Haukwenda. Akaweka mguu kwenye gurudumu akauvuta tena, ukatoka kidogo kidogo.

Ulikuwa mweupe.

Sikuelewa mwanzo. Nilidhani ni kutu ya namna nyingine. Onesphory akapitisha kucha, ikajikusanya kitu kigumu kama nta. Akasogeza puani.

"Mama," akasema, "hii si grisi."

Akaninyooshea. Nikanusa. Nimepika miaka mingi, hakuna haja ya mtu kunieleza. Yalikuwa mafuta ya mkia wa kondoo. Na hapo hapo mbwa wa Agatha akapenya katikati ya miguu yetu akaanza kuuramba ule waya, mkia unapiga ndoo.

Margwe akacheka mpaka akashika nguzo. "Mimi nimekuja kununua pikipiki," akasema, "kumbe ni kondoo."

Hakuna aliyemfuata kucheka. Mimi nilikuwa nimemgeukia Tluway. Alikuwa anautazama waya, na taya lake lilikuwa linatembea kama anatafuna.

"Shemeji," nikamwambia. "Hiki ni nini?"

"Ni mafuta."

"Nimeona ni mafuta. Yameingiaje?"

Hilary, aliyekuwa ameegemea kiti cha pikipiki, akasimama wima. Kisha Tluway akasema, akiniangalia machoni, maana woga hana.

"Ulisema isiguswe."

"Nilisema."

"Jembe lake nimelipaka. Shoka nimelipaka, mikanda yote nimeipaka. Kikabaki hiki. Nikasema, nitamwacha mdogo wangu na chombo kimoja mkononi, ashindwe kwenda? Nikaja mkiwa kanisani."

"Ukaipaka."

"Nilitafuta mpini, haina mpini. Ina mpira. Nikaona kamba inaingia kwenye ngozi yake, kama mkanda wa nira. Nikamimina yakiwa ya moto, polepole, mpaka yakakubali kuingia yote."

"Mzee," akasema Onesphory kwa adabu, "yaliingia vizuri sana."

"Baba mkubwa," Hilary akasema, "mafuta yanaganda huku."

"Najua yanaganda. Mimi ni mtoto?" Tluway akamgeukia. "Kwenye mkanda yanaganda na mkanda unalainika. Tangu nizaliwe sijaona mafuta yanakaza kitu."

"Mkanda unaukunja kwa mikono yako, shemeji," nikamwambia. "Waya haukunjwi na mtu. Uko ndani ya tundu kama uzi wa sindano. Usiku yanaukamata. Jua likipiga lile ganda jeusi, yanayeyuka, unaachia. Ndiyo maana Katesh ilikuwa nzima kila siku."

"Mimi nilikuwa nadondoshea oili juu yake," akasema Onesphory akijikuna shingo. "Kumbe nakaanga."

Margwe akafuta machozi kwa ncha ya shuka. "Sikiliza, kwangu Gendabi ni joto. Huko hayataganda kamwe. Mimi naichukua na mafuta yake hivyo hivyo. Mitamba iko tayari, Tluway."

Hilary alinitazama, kisha akatazama mlango wa nyumba, na nilijua anachokitazama kule nyuma ya mlango.

Hasira ilinipanda wakati huo, siyo kabla. Si kwa sababu ya mafuta. Mtu aliyempenda ndugu yake akamimina mafuta, hilo naweza kulibeba kanisani nikaliweka chini. Ni zile asubuhi zote. Ni mwalimu na kiwiko chake, ni abiria waliokwenda kwa miguu, ni mimi kuambiwa kwamba mume wangu anatuangusha kwa sababu nilikwenda kumwombea. Na yeye muda wote alijua amemimina, akakaa kwenye kigoda changu akanywa chai yangu.

"Shemeji, mimi siulizi kwa nini ulipaka," nikamwambia. "Nauliza hili tu. Ulisema Nikolausi anaikataza. Umesema kwangu, umesema kwa Agatha, umesema mpaka getini pa kanisa. Sasa sema mbele ya mtoto wake. Anaikataza, au haikatazi?"

Tluway akaiegemeza fimbo yake kwenye nguzo.

Onesphory, kwa kutaka mikono yake iwe na kazi, alichukua kopo la petroli akaanza kuuosha waya kwa kitambaa. Akafunga kipande cha nailoni kwenye mdomo wa lile ganda, kikawa kama kikombe, akamimina petroli ikapita, ikatoka chini na vipande vyeupe, mbwa akanusa akapiga chafya akaenda zake. Akamimina oili nyembamba. Akaurudisha waya, ukateleza wenyewe mpaka chini. Akafunga juu, akafunga chini. Tukawa tunamtazama wote kama watu wanaosubiri padri amalize kufuta kikombe. Huko nje kulikuwa na mama mmoja anakohoa kwenye ukungu, abiria, alikuwa hajajua kama apande au atembee.

"Minya," Onesphory akamwambia Hilary.

Hilary akaminya. Akaachia. Mkono ukaruka ukarudi mahali pake, ta.

Akaminya tena. Ta. Tena. Ilikuwa baridi ile ile, na mvuke unatutoka midomoni.

"Shemeji," nikasema, "nakusubiri."

Tluway aliutazama ule mkono wa breki. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, wenye ngozi ngumu ya mkulima, akauminya mara moja na kuuachia, ukarudi. Nilifikiri sasa atasema. Nilitaka aseme, sikutaka anishinde wala nimshinde, nilitaka neno lake lile lile lililotoka lirudi kwa mdomo ule ule, Hilary alisikie, Margwe alisikie, akalipeleke hata Gendabi.

Akaingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa kadi ya pikipiki ikiwa kwenye karatasi ya nailoni. Margwe akanyoosha kiganja. Tluway akampita, akaiweka juu ya kile kiti kilichoshonwa kwa uzi wa gunia, mbele ya Hilary, akaisukuma kidogo kwa kidole ili isianguke.

"Chai ipo, shemeji," nikamwambia. "Kaa."

Akachukua fimbo yake kwenye nguzo, akainama kupita chini ya bati, akatoka kibandani. Tulimwona mpaka kwenye zizi, kisha ukungu ukamchukua, bila kulirudisha lile neno lake.